Jinzi ya Mikindani, leso ya India: tunayoyaamini kuhusu bidhaa za ng'ambo na ukweli wake

Mwaka juzi nilikuwa Kongowea, hapa Mombasa, kwenye mabanda ya mitumba, nikipekua rundo la jinzi. Moja ikanikaa sawasawa. Nilipogeuza kiuno kutafuta saizi, nikakuta kile kitambaa cheupe cha ndani kimeandikwa kwamba suruali imetengenezwa Kenya. Muuzaji akaapa ni mtumba wa Marekani, daraja la kwanza, si kama hizi mpya za madukani. Hakuwa anadanganya, wala kitambaa hakikudanganya. Yamkini suruali ile ilishonwa Mikindani au Jomvu, mwendo wa matatu mbili kutoka pale tuliposimama, ikapakiwa kontenani Kilindini, ikavaliwa na kuchokwa Marekani, kisha ikarudi ndani ya robota kupitia bandari ileile.

Sisi watu wa Mombasa tunaiona biashara hii kwa pande zote mbili. Tunapokea vya China na India, na sisi wenyewe ndio "ng'ambo" ya Mmarekani anayelalamika kwamba kiwanda chake kimehamishwa. Pamoja na hayo, barazani bado tunabishana kwa maneno yasiyo na msingi, na mengine yanatutoa pesa mfukoni.

"Cha China ni feki, cha Ulaya ni orijino"

Hili nalisikia karibu kila siku. Anayeliamini hulipia jina la nchi, halafu hata hageuzi nguo kutazama mshono.

Tuanze na leso, ambayo wengine huiita kanga, maana sijui kitu tunachokiita chetu kuliko leso. Mtoto hupokewa kwa leso, bi harusi hutunzwa kwa leso, na mwanamke hafungui sanduku lake bila kukuta leso ya mtu aliyempenda. Ila tangu mwisho wa karne ya 19, leso zetu nyingi zimekuwa zikipigwa chapa mbali na hapa: Uholanzi na Uingereza kwanza, baadaye Japani, na kwa miaka mingi sasa India. Vipo viwanda vya Afrika Mashariki vilivyozitengeneza pia, lakini meli ndiyo iliyoleta nyingi. Duka la Kaderdina Hajee Essak pale Biashara Street, ambalo kila mama wa Pwani analijua kwa jina la Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887. Michoro na majina yalitungwa huku, na kitambaa kikapigwa chapa huko.

Bibi yangu alikuwa na leso ya Japani iliyofuliwa mpaka pindo likalainika kama hariri, na rangi haikuchuja. Mimi nimewahi kununua ya India iliyotoa maji mekundu mfuo wa kwanza. Ninayo nyingine, ya India vilevile, pamba tupu, huu ni mwaka wake wa sita na mji wake, ile sehemu ya katikati, bado unang'aa. Nchi ni moja, na pengine hata mji zilikotengenezwa ni mmoja. Tofauti ni uzito wa kitambaa, kiasi cha poliesta kilichochanganywa, na aina ya rangi. Hayo yote mwenye oda huyaamua kabla mashine haijawashwa. Akitaka leso ya kuuzwa rahisi, kiwanda kitampunguzia nyuzi. Akitaka ya kudumu, atapewa ya kudumu, na atailipia.

Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliagiza wanasesere na magari ya watoto yarudishwe kwa mamilioni, na dunia nzima ikailaumu China. Kweli, sehemu moja ilikuwa na rangi yenye risasi, yaani yale madini yenye sumu, na hilo lilikuwa kosa la huko China: mkandarasi mdogo alitumia rangi isiyoidhinishwa. Lakini fungu kubwa zaidi, kama vitu milioni 18, lilirudishwa kwa sababu ya sumaku ndogo zilizoweza kuchomoka na kumezwa na mtoto. Sumaku zile zilikuwa zimechorwa hivyo na Mattel yenyewe. Septemba mwaka huohuo, mkubwa mmoja wa kampuni, Thomas Debrowski, alikwenda Beijing akaomba radhi na kukiri kwamba bidhaa nyingi zilizorudishwa zilikuwa na kasoro ya mchoro wao, si ya utengenezaji.

Na sifa ya nchi haikai mahali pamoja. Leo gari likishuka Kilindini na mtu akasema "ya Japani hii", mazungumzo yamekwisha. Baada ya vita kuisha 1945, chapa ya Japani ilichekwa kama inavyochekwa ya China leo. Mwaka 1950 wahandisi na wakuu wa viwanda vya Japani walikaa kumsikiliza Mmarekani W. Edwards Deming akiwafundisha kupima kasoro kwa hesabu, wakiwa bado wanatengeneza, badala ya kungoja bidhaa iishe ndipo waichambue. Walilishika somo lile kuliko Wamarekani wenyewe.

Siwezi kusema umbali hauna madhara, maana unayo. Aliyeagiza akiwa bara jingine hamwoni msimamizi akibadilisha gundi wiki ya tatu. Ndiyo maana tangu 2005 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, linataka bidhaa nyingi zikaguliwe zinakotoka na zije na cheti kabla ya kupanda meli. Kungoja kontena lifike Mombasa ndipo ugundue nyaya za umeme ni nyembamba ni kuchelewa, mzigo umeshalipiwa na mwenyewe anautaka dukani.

Feki ni jambo jingine kabisa. Feki ni kuiba jina la mtu, na ndiyo iliyotungiwa sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008. Inaweza kutengenezwa Guangzhou, na inaweza kutengenezwa nyumba ya tatu kutoka kwako.

"Ikiandikwa imetengenezwa Kenya, basi ni yetu"

Irudie ile jinzi. Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, nguo za nchi kama Kenya ziliruhusiwa kuingia kule bila ushuru hata kama kitambaa kimetoka nchi ya tatu. Kwa hiyo denimu, kitambaa cha jinzi, huja kwa meli kutoka Asia, mara nyingi pamoja na zipu na vifungo, inakatwa na kushonwa hapa, na inatoka na jina la Kenya. Uhalali wake hauna shaka. Kilicho chetu ndani yake ni mikono.

Magari nayo ni hivyo. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers pale Miritini kinaunganisha malori na magari ambayo vipande vyake vikubwa vimefika katika makasha. Mafundi wa pale wana ujuzi wa kweli na ninawaheshimu, ila injini haikuzaliwa Miritini.

"Kiwanda kikihamia kwenye mishahara midogo, bei hushuka dukani"

Hushuka pale tu wauzaji wanaposhindana. Palipo na muuzaji mmoja au jina moja linalotafutwa na wote, nafuu huishia kwa mwenye jina.

"Kazi zetu zimeuawa na China, tufunge bandari zirudi"

Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu kuna watu walioumia kweli.

Kenya ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo: Kicomi kule Kisumu, Raymond na Rivatex kule Eldoret. Mapema miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, mitumba ikamwagika, na viwanda hivyo vikaanguka kimoja baada ya kingine. Mitumba ilichangia, na mingi ya mitumba hiyo ilitoka Ulaya na Marekani, si China. Lakini mkulima wa pamba aliyekuwa akilipwa kwa kuchelewa alikuwa ameshaanza kung'oa pamba apande kitu kingine. Mashine zilikuwa kuukuu, umeme ghali, madeni yamefika shingoni. Ukiifunga Kilindini leo, hakuna hata moja kati ya hayo litakalopona kwa kufungwa huko.

Wamarekani wana mjadala huohuo. Kazi za viwandani kwao zilifikia kilele cha watu kama milioni 19.5 mwaka 1979, na mwanzoni mwa 2010 zilikuwa karibu milioni 11.5. Wapo wanaosema ni China yote, wapo wanaosema ni mashine yote. Wachumi waliofuatilia jambo hili, akina Daron Acemoglu na David Autor, walikadiria kwamba ushindani wa bidhaa za China uliwanyima Wamarekani kazi kati ya milioni 2 na 2.4 kuanzia 1999 hadi 2011, ukihesabu na kazi zilizotegemea viwanda vile. Ni nyingi, na ziliangukia miji fulani fulani ambayo haikupona. Lakini si zote zilizopotea. Mashine zilizochukua nafasi za watu na msukosuko wa uchumi wa 2008 vilikula sehemu yake.

Na sisi ni sehemu ya hesabu hiyo. Simama barabara ya Mikindani alfajiri uone wanawake wanavyotembea kwa makundi kuelekea EPZ, maeneo ya viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nje, mkoba wa chakula kwapani, wakiwahi geti kabla halijafungwa. Sheria iliyoanzisha maeneo hayo ni ya mwaka 1990, na AGOA ndiyo iliyoyajaza cherehani. Jirani yangu alisomesha watoto watatu kwa kushona mifuko ya nyuma ya jinzi, mifuko tu, siku nzima, kwa tageti ya saa. Mgongo wake hautamsamehe. Ukimwambia kazi ile haikuwa na maana atakufukuza barazani kwake, na ukimwambia ilikuwa neema atakufukuza vilevile.

Kazi ya namna hii husimama juu ya karatasi iliyotiwa saini mbali. Tarehe 1 Januari 2005, mipaka ya dunia juu ya kiasi cha nguo ambacho China na wengine wangeweza kuuza iliondolewa, na viwanda kadhaa vya EPZ nchini vikafungwa. Aprili 2025 Marekani ikatangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya, na tarehe 30 Septemba mwaka huo muda wa AGOA ukafika mwisho wake uliokuwa umepangwa. Miezi ile, swali la kwanza katika matatu za Changamwe lilikuwa kama kuna kuitwa kazini wiki ijayo.

"Kuhamisha kiwanda ni faida ya hakika"

Muulize Boeing, waunda ndege wa Marekani. Ndege ya 787, zile Dreamliner ambazo Kenya Airways imekuwa nazo tangu 2014, iliundwa kwa kugawa kazi kwa wengine kuliko ndege yoyote ya Boeing kabla yake: mabawa Japani, sehemu za mwili Italia, na kadhalika. Mahesabu ya mwanzo yalionyesha wangeokoa pesa. Vipande vilipofika, vingine havikukutana vizuri, vingine vilikuja kazi haijakamilika. Ndege ya kwanza iliyotakiwa kukabidhiwa Mei 2008 ilikabidhiwa Septemba 2011, na Boeing ikalazimika kununua kiwanda cha mmoja wa wauzaji wake ili ikinyooshe yenyewe. Gharama ya kuratibu haionekani kwenye bei ya kipande. Kila mfanyabiashara wa Mombasa aliyewahi kuagiza mzigo kwa picha ya simu akaletewa kitu kingine anaijua gharama hiyo kwa jina lake na tarehe yake.

"Kiwanda kilipo ndipo pesa ilipo"

Mwaka 2010 watafiti wawili, Yuqing Xing na Neal Detert, waliifungua hesabu ya simu ya iPhone ya mwaka uliotangulia. Gharama ya kuitengeneza ilikuwa kama dola 179. Kazi ya kuiunganisha China ilichukua dola 6.50. Zilizobaki zilikwenda kwa watengeneza vipande wa Japani, Ujerumani, Korea Kusini na kwingineko. Na Apple, isiyokuwa na kiwanda hata kimoja pale, ikachukua sehemu kubwa ya pengo lililobaki hadi bei ya dukani. Kwenye karatasi za forodha, simu nzima ilihesabiwa kuwa mauzo ya China.

EPZ zetu zinakaa mahali palepale pa China ya dola 6.50, tena chini kidogo. Kiwanda hulipwa kwa kukata na kushona. Kampuni iliyo EPZ husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya mwanzo, kwa hiyo serikali nayo haivuni sana. Kinachobaki Mombasa ni mshahara wa mshonaji, bili ya umeme, nauli ya lori, kodi za vyumba vya Mikindani na pesa za mama anayeuza mahamri getini. Si kidogo kwa anayeishi kwazo, ila ni sehemu nyembamba ya suruali.

Hata ule ushuru uliosamehewa haukutufikia wote. Suruali ya pamba ikiingia Marekani kwa njia ya kawaida hutozwa asilimia 16.6, na AGOA iliiondoa tozo hiyo. Nani aliiweka mfukoni? Mwaka 2005 Marcelo Olarreaga na Çağlar Özden walipima bei walizolipwa wauzaji wa nguo wa Afrika, wakakuta wanapata kama theluthi moja tu ya unafuu ule. Sehemu kubwa ilibaki kwa wanunuzi wakubwa wa Marekani, kwa sababu wao ni wachache na washonaji ni wengi.

Ndiyo maana nikisikia kiwanda kingine cha kushona kinafunguliwa Jomvu, nafurahi kwa ajili ya watakaoajiriwa, kisha nauliza kitambaa kitatoka wapi. Pamba imekuwa ikilimwa Kwale na Lamu, na ardhi bado ipo. Siku denimu itakapofumwa upande huu wa bahari, fungu la mkulima, la mfumaji na la mtia rangi halitashuka tena Kilindini likiwa ndani ya kontena la mtu mwingine.