Mkataba wa biashara huria si kufuta ushuru siku moja

Wengi huamini kwamba Australia na Korea Kusini zilipoingia mkataba wa biashara huria, ushuru ulifutwa hapo hapo, na kilichobaki ni kutafuta mteja tu. Jina lenyewe la mkataba linachangia kuamini hivyo.

Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 12 Desemba 2014, na kila bidhaa ina ratiba yake. Mvinyo wa Australia, uliokuwa ukitozwa asilimia 15 kuingia Korea, ulipata nafuu yote siku hiyo. Nyama ya ng'ombe ilikuwa kwenye asilimia 40, na wafugaji wa Korea hawakuwa tayari kuona ukuta huo ukianguka ghafla. Basi ikakubaliwa ushuru upungue mwaka hadi mwaka, ufikie sifuri mwaka 2028. Hata katika kipindi hicho, shehena za mwaka zikizidi kiwango kilichowekwa, Korea inaruhusiwa kuupandisha tena kwa muda. Mchele uliachwa nje kabisa.

Kuna jambo linalosahaulika zaidi: nafuu haiji yenyewe. Bila cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayothibitisha bidhaa imetoka nchi gani, mzigo hutozwa ushuru wa kawaida.

Kuhakiki si kazi ngumu. Tafuta namba ya bidhaa katika mfumo wa forodha. Tarakimu 6 za mwanzo hulingana katika nchi zote mbili, na namba ya mvinyo huanza na 2204. Kisha fungua jedwali la ushuru lililoambatishwa kwenye mkataba, usome safu ya mwaka unaohusika. Matini yake iko wazi kwa yeyote.