Eastend, Saskatchewan: mahali ambapo mifupa imebaki kwao

Kwa sisi tuliosomea jiolojia, mji mdogo wa Eastend, kusini-magharibi mwa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, una sifa ambayo makumbusho mengi makubwa hayana: ukishamaliza kutazama visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, unatoka mlangoni na kuiona miamba iliyovihifadhi. Ni mji wa wakulima wa ngano na wafugaji wa ng'ombe, katika bonde la mto Frenchman.

Mwaka 1991 mwalimu mkuu wa shule ya hapo, Robert Gebhardt, akiwa amefuatana na wataalamu wa visukuku ili aione kazi yao, aliokota kipande cha jino na pingili ya mkia wa Tyrannosaurus rex, dinosaria mkubwa mla nyama. Uchimbaji ulianza 1994, lakini kuisafisha mifupa kulichukua zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa mchanga ulioizunguka ulikuwa umeshikamana kwa madini ya chuma, ukawa mgumu kama saruji. Mnyama huyo, aitwaye Scotty, alikadiriwa mwaka 2019 kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 8,800. Mifupa yake halisi inatunzwa katika T.rex Discovery Centre, jengo lililo ubavuni mwa kilima. Nalithamini sana jambo hili, kwani mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, iliyochimbwa kuanzia 1909 hadi 1913 na kubebwa na wapagazi hadi Lindi, iko Berlin.

Kisha elekea magharibi, upande wa Ravenscrag. Kwenye kingo za bonde utaona utepe mweusi wa makaa ya mawe, na chini yake, pale ulipohifadhika, udongo wa mfinyanzi mweupe usiozidi unene wa kidole. Udongo huo una iridiamu, metali iliyo adimu ardhini lakini nyingi katika vimondo, kupita kawaida: dalili ya kimondo kikubwa kilichoigonga dunia miaka milioni 66 iliyopita. Mifupa ya dinosaria hupatikana chini ya mstari huo, wala si juu yake, kwani ndipo walipotoweka.

Mwenye muda aendelee hadi vilima vya Cypress, vinavyozidi mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, au mashariki hadi Hifadhi ya Taifa ya Grasslands, ambako nyati wa Amerika walirudishwa mwaka 2005. Ardhi nyingi ya bonde ni ya wafugaji, hivyo omba ruhusa kwanza, na usiokote kisukuku chochote, kwa kuwa kisheria ni mali ya jimbo. Mvua ikinyesha, ahirisha safari ya barabara za udongo, kwani matope yake hunasa magari.