Njia ya Msituni Isigeuke Korongo

Vijiji vingi vya Kigoma vikishatenga msitu wa hifadhi hufungua njia ya wageni kwa kufyeka ile ile ya kuni. Kosa huanzia hapo. Njia ya kuni hupanda mlima moja kwa moja, maana mwenye mzigo anataka kufika upesi. Mvua za Novemba zikianza, maji hufuata palepale palipokanyagwa, ambapo udongo umeshindiliwa na haunywi tena. Baada ya misimu michache mfereji unafika magotini, watu wanahamia pembeni, na mfereji wa pili unaanza.

Kwa hiyo njia ipimwe upya, izunguke ubavu wa mlima. Kipimo cha fremu A kinatosha, na hakinunuliwi. Chukua miti miwili yenye urefu wa mita 2 na ushee, ifunge pamoja kwenye ncha za juu, uitanue miguu hadi mita 2, kisha funga mti wa tatu katikati kama herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu. Simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu, weka alama tena. Nusu kati ya alama hizo ndiyo usawa. Sasa ingiza kipande cha sentimita 10 chini ya mguu mmoja: hapo kamba inaonyesha mteremko wa asilimia 5. Cha sentimita 20 ni asilimia 10, na njia ya udongo isipande zaidi ya hapo.

Ipo kanuni nyingine inayosahaulika sana: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe. Mlima ukiwa na asilimia 12, njia iishie 6. Ukizidisha, maji hayakatizi njia, yanaifuata.

Upana wa mita 1 unatosha. Chimba ndani ya mlima, kisha upande wa bondeni ushuke sentimita 5 ili maji yavuke na kwenda zake. Udongo uliochimbwa utawanywe mbali. Ukiurundika ukingoni umejenga tuta, na tuta hilo ndilo linaloyafungia maji njiani.

Penye mpando mrefu, kila mita 10 hadi 15 njia ishuke kidogo kabla ya kupanda tena. Maji hutokea kwenye hilo bonde dogo. Magogo ya kuelekezea maji nje ya njia hayafai sana huku, mchwa huyamaliza. Mawe yanadumu, ila yalazwe kimshazari. Yakikingama sawasawa, udongo hujaa nyuma yake na maji huruka juu.

Kwenye kona watu watakata njia ya mkato tu, hivyo ziwe chache, zifichwe kwa vichaka na mawe makubwa. Na njia ya mita 1 isitegemewe kuzuia moto. Kiangazi kikikolea moto huiruka. Inafaa kuwa mstari wa kuanzia uchomaji wa mapema wa makusudi, Mei au Juni, nyasi zikiwa nusu kavu, ili moto wa kiangazi ukose cha kuunguza.

Kila Septemba kwangua ukingo wa bondeni, kwa kuwa miguu hubonyeza katikati na ukingo huinuka upya. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mtu apite njia nzima na jembe mkononi: popote maji yanapoifuata njia zaidi ya hatua kumi, achimbe mdomo wa kuyatoa palepale.