"Hakuwa na wito" na visingizio vingine

Mwalimu akiacha kazi mwaka wa pili, ofisi nzima ya walimu ina jibu: hakuwa na wito. Kabla ya kupima wito wake, tazameni ratiba yake. Mara nyingi mwalimu mgeni huachiwa masalio: madarasa waliyoyakwepa wenzake, somo asilolisomea, na zamu juu yake. Chukua mikondo mitano ya wanafunzi 45. Zoezi moja tu, dakika mbili kwa kila daftari, ni saa saba na nusu za kusahihisha. Ongeza maandalio ya masomo manne, yote kwa mara ya kwanza, bila noti za mwaka jana za kuegemea. Hapo mwenye wito ndiye huchoka mapema, kwa kuwa hakubali kuingia darasani mikono mitupu.

Mwaka wa kwanza masomo ya kuandaa yasizidi mawili. Mwalimu mlezi, yaani mzoefu anayemwongoza mgeni, awe wa somo lilelile, si yeyote aliyepatikana, na ratiba iwape kipindi kimoja ambacho wote wawili hawana darasa. Shule huteua mlezi, kisha vipindi vyao vikapishana mwaka mzima. Huo ni ulezi wa jina. Mlezi aketi nyuma ya darasa kabla ya wiki ya tatu, maana nidhamu ikishavunjika ni kazi kuirudisha. Tena asiwe yeye anayejaza fomu ya tathmini: nani humwonyesha kidonda atakayemhukumu? Watafiti Smith na Ingersoll walichapisha mwaka 2004, kwa takwimu za Marekani, kwamba wapya wenye mlezi wa somo lao na muda wa kupanga kazi pamoja na wenzao walielekea zaidi kubaki.

"Ni mshahara tu." Mshahara una uzito, hakuna ubishi. Lakini waondokao hulalamikia pia uongozi usiowasimamia, utovu wa nidhamu na kutosikilizwa. Nyongeza haipunguzi madaftari.

"Nusu huacha ndani ya miaka mitano." Hayo yalikuwa makadirio ya Marekani. Serikali ya huko ilipowafuatilia walioanza 2007–08, ilikuta takriban asilimia 17 hawafundishi tena kufikia mwaka wa tano. Acheni kuirusha nusu hiyo kila kikao.

"Semina elekezi tulifanya." Siku mbili za kanuni na fomu, kabla mgeni hajamwona mwanafunzi hata mmoja! Hajui hata aulize nini. Fanyeni nusu siku kabla ya shule kufunguliwa. Muda uliobaki ugawanywe saa moja moja kila wiki mbili, kila anayekuja aje na daftari moja lililomshinda.