Jean I wa Ufaransa alikuwa mfalme, hata kama hakutawazwa

Jamani naomba tuelewane kwenye hili, maana kila akitajwa Jean I wa Ufaransa lazima atokee mtu aseme yule hakuwa mfalme bana, hakutawazwa, alikuwa mtoto wa mfalme tu akafa. Hapana. Kurithi kiti ni pale ufalme unapokuwa wako kisheria, kutawazwa ni ile sherehe ya kupakwa mafuta na kuvishwa taji. Ni mambo mawili na yanaweza kupishana hata mwaka mzima.

Baba yake, Louis X, alifariki Juni 1316 akamwacha mkewe Clémence mjamzito. Ikabidi nchi nzima isubiri ajifungue, huku baba mdogo wa mtoto, Philippe, akishikilia madaraka. Usiku wa kuamkia 15 Novemba akazaliwa wa kiume, na kwa kuwa baba alishatangulia, huyu mtoto hakuwahi kuwa mrithi hata dakika moja, katoka tumboni tayari ni mfalme. Akaishi siku kama tano hivi, akafariki.

Sasa hili la taji, naelewa linakotoka. Zamani lilikuwa zito kweli, Hugues Capet alipata kiti cha Ufaransa 987 na mwaka uleule akamtawaza mwanae Robert yeye mwenyewe bado yuko hai, kwa sababu ukifa mtoto hajapakwa mafuta watu watagombania kiti, na ukoo ule ukaendelea na mtindo huo kwa karibu miaka 200. Ila 1270 Louis IX kaugua kafia Tunis akiwa vitani, mwanae Philippe III yuko naye hukohuko, Reims, mji wanakotawazwa wafalme wa Ufaransa, uko mbali, basi akahesabiwa mfalme palepale na miaka ya utawala wake inaanzia hapo, mafuta kaja kupakwa Agosti 1271. Kwa hiyo anazaliwa Jean, hilo jambo lilishaonekana.

Na huku kwetu tunalijua vizuri tu. Elizabeth wa Uingereza alikuwa Kenya, kalala Treetops kule Aberdare, usiku ule baba yake alipofariki Februari 1952. Kaondoka Kenya ni malkia, taji kavishwa Juni 1953, na sijawahi kusikia mtu anasema katikati hapo Uingereza haikuwa na malkia. Kwa nini kichanga ndo tumnyime?

Wafaransa wenyewe hawakumnyima. Alizikwa kwenye kanisa la Saint-Denis pamoja na wafalme wenzake, na sanamu yake ndogo ya jiwe ipo kule hadi leo karibu na ya baba yake. Na kifo chake kilikuwa kizito, manake ndo mara ya kwanza tangu 987 mfalme anaondoka bila mtoto wa kiume wa kumrithi, dada yake Jeanne akawekwa pembeni, yule baba yake mdogo Philippe akatawazwa Reims Januari 1317. Halafu angalia namba: Jean aliyeshika kiti 1350 anaandikwa Jean II. Wa kwanza ni nani sasa kama si huyu mtoto, maana hakuna Jean mwingine kabla yake.

Kwa hiyo mkimwandika tena, hilo la "mwana mfalme Jean" tuliache taratibu, ni mfalme Jean I, na ukitaka kugusia taji sema tu alifariki kabla ya kutawazwa, hapo utakuwa sawa kabisa.