Sonona: yasemwayo Moshi na Arusha, na ukweli wake

Mgonjwa wa sonona (depression) hafiki zahanati akisema ana huzuni. Anasema kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, moyo unakwenda mbio, tumbo linawaka moto, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi tena. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa taifodi, anaambiwa ipo kidogo, anapewa dozi ya siprofloksasini. Mwezi haujaisha karudi. Safari hii ni UTI sugu, ya tatu ni vidonda vya tumbo. Faili limenenepa, na hakuna aliyemuuliza kama bado ana hamu na maisha.

"Mbona anacheka na watu? Hana sonona huyo."

Kulia si kipimo. Dalili kuu ni mbili: moyo mzito karibu kutwa, au kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza mtu. Moja ikiwapo, tazama nyingine: usingizi kuvurugika, chakula kutopita au kula kupita kiasi, uchovu, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, kujiona hafai, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, mawazo ya kifo. Zikifika tano kwa jumla, zikadumu wiki 2 au zaidi karibu kila siku, na kazi zikaanza kumshinda, hiyo ni sonona.

Mama wa mitumba Kiboriloni aliyekuwa akiwahi belo likifunguliwa, sasa anapanga meza saa nne, mteja akishusha bei anakubali tu bila kubishana. Anacheka vizuri na jirani wa meza. Ndugu wataona uvivu. Kwa wanaume wengi ugonjwa hujionyesha kwa hasira: anafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka, na mbege anaianza asubuhi. Pombe inampa usingizi wa saa chache, kisha inaongeza ule uzito wa moyo.

Wahudumu hutumia dodoso la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mtu achunguzwe kwa kina. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Jibu lolote lililozidi 0 hapo linataka mazungumzo siku hiyohiyo, hata kama jumla ni ndogo.

Kabla ya kuandika sonona kwenye faili, ondoa vinavyofanana nayo: upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, VVU, na dawa ambazo mtu anatumia tayari, efavirenzi ya VVU ikiwemo. Na usisahau kuuliza kama aliwahi kupitia siku kadhaa za kupata usingizi wa saa mbili tu bila kuchoka, akiongea bila kituo na kutapanya fedha. Aliyepitia hayo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka kutoka unyong'onyevu hadi wazimu wa furaha.

"Zile ni dawa za usingizi, ukizianza huachi."

Hapa watu wanachanganya makundi mawili. Diazepamu, dawa ya usingizi ambayo wengine hununua duka la dawa bila cheti, huleta utegemezi na haitibu sonona. Dawa za sonona hazina uteja. Ila ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, ndiyo maana daktari huzipunguza polepole, angalau kwa wiki 4.

Zinazopatikana zaidi ni amitriptilini na fluoksetini. Zikishindwa, mara nyingi tatizo ni dozi au muda. Amitriptilini huanza miligramu 25 hadi 50 usiku, kisha hupandishwa taratibu, kwa mtu mzima hadi 100 au 150. Wengi wanaachwa kwenye 25 mwaka mzima: wanalala vizuri, sonona iko palepale, halafu wanatangaza kuwa dawa za hospitali ni bure. Mdomo hukauka na choo huwa kigumu; maji na mbogamboga husaidia. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo wasipewe bila uangalizi maalumu. Fluoksetini huanza miligramu 20 asubuhi. Siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu na wasiwasi, na hapo ndipo wengi wanapoitupa.

Nafuu huanza kuonekana wiki ya 4 hadi ya 6. Baada ya kupona kabisa, dawa huendelea miezi 9 hadi 12. Kuacha mwezi wa tatu kwa kuwa umejisikia vizuri ndiyo njia fupi ya kurudi kitandani.

"Apelekwe kwenye maombi, aache vidonge."

Maombi na vidonge havigombani. Kinachodhuru ni sharti la kuacha dawa. Fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo aliyeiacha Jumapili huwa mzima kabisa Jumapili inayofuata. Ugonjwa ukirudi miezi miwili baadaye, hakuna anayekumbuka kidonge.

"Kuongea tu kutasaidia nini?"

Mazungumzo yenye mpango hutibu. Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, vikundi vilivyoongozwa na wenyeji wasio madaktari vilikutana kila wiki kwa wiki 16, na utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha sonona ilipungua sana. Kwa sonona nyepesi, anza hapo kabla ya vidonge. Hospitali za rufaa za mkoa, Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha, ndipo pa kuulizia.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua, unamfundisha."

Humfundishi, unampa nafasi ya kutua mzigo. Uliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, uliza kwa njia gani, lini, na kama ameshatafuta kitu. Mwenye mpango asiachwe peke yake hata akienda chooni. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Nyumba nyingi za migombani na za wakulima wa nyanya huweka sumu ya wadudu stoo au uvunguni. Itolewe, ikafungiwe kwa jirani. Amitriptilini nayo ni hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja: chukueni ya wiki moja moja, na ishikwe na ndugu.