Kuhariri rimiksi ya miguso ya wanamichezo: usikate mkono ukiwa njiani

Mhariri aliyezoea video za magoli akipewa rimiksi, yaani video ya vipande vilivyounganishwa juu ya muziki, ya kukusanya miguso ya wanamichezo, hukata palepale alipozoea: mpira umeingia wavuni, basi. Kumbe hapo ndipo kazi inapoanza. Kukumbatiana huja sekunde chache baadaye, kwenye kibendera cha kona au mbele ya benchi. Kombe la Dunia la 1970, Brazil ilipoifunga Uingereza 1-0 mjini Guadalajara, picha iliyodumu kuliko goli lenyewe ni ya Pelé wa Brazil na Bobby Moore, nahodha wa Uingereza, vifua wazi, wameshikana baada ya kubadilishana jezi.

Kwa video ya dakika tatu mimi hukusanya vipande kama 120, na vinavyobaki ni 45 hivi. Kila kipande nakiandikia kwenye jedwali: nani kaanza kugusa, nani kaguswa, sehemu gani ya mwili, dakika na sekunde, na aliyeguswa alijibu vipi. Safu hiyo ya mwisho usiiruke. Nitaeleza.

Mguso una hatua tatu: kukaribia, kugusana, kuachana. Acha angalau fremu 10 (fremu ni picha moja moja zinazounda video) kabla ya mikono kukutana, na usikate mpaka imeachana. Ukianza kipande pale mkono unapotua, kofi la pongezi kichwani huonekana shari. Ukikatisha mapema, kumbatio huonekana kama watu wamegongana.

Muziki nao una hesabu yake. Kwenye mradi wa fremu 25 kwa sekunde, wimbo wa midundo 120 kwa dakika unakupa fremu 12.5 kila mdundo. Nusu fremu haikatiki, kwa hiyo ukipanga vipande vya fremu 12 kimoja baada ya kingine, baada ya midundo minane picha imeshautangulia muziki kwa fremu nne. Tafuta wimbo wa midundo 125, ambao ni fremu 12 kamili, au wa 100, ambao ni 15. Walio kwenye fremu 30 ndio wanaofaidi ule wa 120.

Mikanda ya zamani ya televisheni huleta mistari kama meno ya kitana kila mkono unapokwenda kasi, yaani pale hasa unapotaka kuonyesha. Ondoa mistari kwanza, halafu badilisha idadi ya fremu, na kukuza picha kuje mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, mistari inayeyukia ndani ya picha na haitoki tena. Marudio ya polepole usiyapunguze kasi mara ya pili. Vidole huacha kivuli.

Sauti ya viganja ukiipata kwenye mkanda, shusha muziki desibeli 10 ili isikike. Isipokuwepo, usiibandike kutoka kwenye maktaba ya sauti. Video hii ni ushahidi wa jinsi watu walivyogusana, na kofi la kubandika ni uongo.

Sasa lile jedwali. Muziki mmoja ukipita juu ya vipande vyote, miguso yote hufanana, ilhali haifanani. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya London, 1908, Dorando Pietri alianguka mara kadhaa karibu na utepe, waamuzi wakamwinua, na mikono ile ikamnyima dhahabu, kwa kuwa aliondolewa kwa kusaidiwa. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha, Doha, 2019, Braima Dabo wa Guinea-Bissau alimshikilia Jonathan Busby wa Aruba mpaka mwisho wa mita 5,000. Kwa macho tu, vipande hivi viwili ni ndugu. Bila maandishi mafupi ya mwaka na matokeo, mtazamaji hawezi kuvitofautisha.

Kigumu zaidi ni busu ambalo Luis Rubiales, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Hispania, alimpiga mchezaji wa Hispania Jenni Hermoso mdomoni baada ya fainali ya Kombe la Dunia la wanawake mjini Sydney, tarehe 20 Agosti 2023. Hermoso alisema hakuridhia, na Februari 2025 mahakama ya Hispania ikamtia Rubiales hatiani kwa shambulio la kingono na kumtoza faini ya euro 10,800. Kipande hicho kikiwekwa katikati ya makumbatio na viganja, muziki unakigeuza kuwa shangwe, na mhariri anakuwa amempinga Hermoso bila kusema neno. Ukiona lazima kiwepo, zima muziki sekunde mbili kabla, weka tarehe na hukumu kwenye skrini, na usiurudishe muziki kwenye kipande kinachofuata. Acha kwanza fremu 50 za weusi mtupu. Kama mpangilio wako hauruhusu ukimya huo, kitoe.